Bati la Wilondja

Heru Juu, Kasulu
12 Agosti 2024

Careen mwanangu,

Mwakeye. Kikohozi kimekuacha? Kibondo asubuhi kuna baridi, na wewe tangu utotoni hupendi kufunika kifua. Nimemkabidhi Nurudini wa basi maharage na barua hii. Usiniambie nipige simu. Kwenye simu ukikasirika unakata. Barua huwezi kuikata, utaisoma mpaka mwisho hata kama umenuna.

Wageni wako walikuja, wale unaotafuta nao ndege za vita. Bwana Dionis ni mtu wa adabu. Alivua kofia, akakaa kwenye kigoda bila kukifuta kwanza. Lakini uji haujaisha akauliza, "Mama, lile bati aliloniambia Careen liko wapi?" Kumbe umewasimulia kwamba bati letu la kuanikia mihogo ni la ile ndege iliyoanguka hapa. Sawa, ni kazi yako, hukuiba. Ila ungeniuliza kwanza mimi niliyekuzaa.

Bati hawakuliona. Nimelificha na sikuambii wapi, maana wewe kudanganya hujui, na mimi sitaki ujifunze.

Waliteremka korongoni wakaiona ile injini iliyofunikwa na majani, wakafurahi kama watoto. Wanasema injini imeliwa na kutu, haisemi kitu, ila namba zilizo kwenye bati ndizo zitawaambia ni ndege ipi. Halafu tukaenda makaburini. Bwana Dionis akasema, "Hapa ndipo walipolala marubani wawili." Nikamwambia watatu. "Mama, kumbukumbu zetu zinasema wawili." Nikamwambia kumbukumbu zenu hazikuchimba kaburi. Aliyechimba ni bibi yangu Mpawenimana na ndugu zake. Wazungu wawili walikufa palepale. Wa tatu, mtu mweusi kama sisi, fundi wa ile ndege, alitolewa hai, akalala siku kadhaa nyumbani kwa bibi, akafia kwenye mkeka wa bibi. Bwana Dionis akatabasamu, si kwa ubaya, akaandika. Nilichungulia. Aliandika 2. Shule sikukaa sana, lakini tarakimu nazijua.

Basi mwambie hivi. Bati nitalitoa. Ila kwanza watafute ndugu wa yule wa tatu, kama wanavyowatafutia wale wawili. Mpaka hapo hakuna jembe litakaloingia pale.

Wewe unajua kwa nini. Kile kipande cha shamba kinachozunguka makaburi hakijalimwa tangu wakati wa Keya, ile vita ya pili ya Wazungu. Msiba wa mtu unaondolewa na watu wake. Wao wapige jembe la kwanza, wao wapande mbegu, ndipo na sisi wengine tufuate. Bibi alingoja, mama akangoja, na mimi nangoja. Jirani yetu Habonimana kila mvua zikianza ananitania, "Esteri, hiyo ardhi yako ni ya kufugia nyoka." Acha atanie. Nyoka hawajawahi kunidai kodi.

Kula vizuri, usile chipsi tu.

Mama yako,
Esteri Niyubahwe


Kibondo
19 Agosti 2024

Shikamoo mama,

Maharage yamefika. Mfuko ulikuwa umetoboka, Nurudini anasema ni panya, mimi nasema ni Nurudini. Kikohozi kimekwisha.

Mama, nimesoma barua mpaka mwisho, na kununa nimenuna kweli. Hii ni kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Bwana Dionis alinichukua kwa sababu najua Kiha na najua milima ya kwetu. Sasa mama mzazi wa mkalimani ndiye anayeficha bati. Unaona ninavyoonekana?

Ndugu wa marubani wamepatikana. Mmoja amebakiza mtoto wa dada yake, ajuza wa huko Ulaya, tuliongea naye akawa analia tu. Wanataka mifupa ipelekwe kwenye makaburi ya vita, wazikwe kwa heshima na majina yao. Uchimbaji ni Jumanne, tarehe 10 Septemba. Hilo si jambo baya, mama.

Kuhusu mtu wa tatu, tumeangalia kila mahali, hayumo. Bwana Dionis anadhani pengine alikuwa mtu wa kijijini aliyeungua akiwasaidia. Sisemi kwamba bibi alidanganya. Nasema habari ikipita midomo mingi inanenepa.

Na jambo lingine, nakuomba usikasirike. Ananiuliza kama unachotaka ni fidia. Kama ndivyo, niambie wazi, tutazungumza naye vizuri.

Binti yako,
Careen


Heru Juu
24 Agosti 2024

Careen,

Leo salamu utaikuta chini, nikishapoa.

Mwambie mkuu wako kwamba anayedai fidia ni aliyepoteza mali. Mimi nimepoteza nini? Nimelala na msiba wa watu mlangoni maisha yangu yote, na sijamwomba mtu hata sabuni ya kufulia nguo za matanga.

Unasema habari imenenepa. Sikiliza basi, nikupe ilivyo, haina hata nyama. Kwetu mgeni akiugua nyumbani mwako, unamuuliza angali na pumzi: wewe nani, mwana wa nani, mlima gani. Si umbea. Ni ili siku wenyewe wakija usije ukawaambia sijui. Bibi alimuuliza. Kiswahili alikuwa nacho cha kuokota, na mgeni alikuwa nacho cha kwao. Akasema, Wilondja, mwana wa Mmunga, wa Mboko, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Bibi akamfundisha mama, mama akanifundisha mimi tukipepeta ulezi, nikikosea narudia tangu mwanzo. Wewe sikukufundisha kwa sababu kila nilipotaka ulikuwa na mtihani. Sasa umelipata.

Nyinyi mmewatafuta watu Ulaya. Watu wa Mboko wako Nyarugusu, hapo kambini, pua na mdomo na sisi. Vita vya kwao viliwaleta zamani, wengine wamezeekea pale. Bodaboda tu inakufikisha. Hivi katika ofisi nzima hakuna aliyeliwaza hilo?

Na usiniambie kwamba mtu ambaye hajaandikwa hakuwepo. Baba yako, Mungu amweke pema, alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, kafunikwa kitenge kwa ajili ya mvua. Waliohesabu wakahesabu vichwa vilivyoonekana. Hakuandikwa. Na bado alikua, akanioa, akakuzaa wewe mwenye chuo.

Nenda Nyarugusu kaulize. Taja jina, baba na kijiji, usiongeze. Kuna alama moja ya mwili wake ambayo bibi alituachia. Hiyo sikuandikii hata wewe. Atakayeitaja bila kuambiwa, huyo ndiye ndugu yake. Wengine watakuja kwa sababu ya shida zao. Wape chai, waage vizuri.

Mwakeye, mwanangu. Nimepoa kidogo. Sweta la kijani ulilisahau, Nurudini analo.

Mama yako


Kibondo
2 Septemba 2024

Kwa Bi. Esteri Niyubahwe,
Heru Juu.

Husika na kichwa cha habari: Uchimbaji wa mabaki ya marubani wawili.

Nakusalimu kwa heshima. Napenda kukukumbusha kwamba kikundi chetu kina kibali cha kufanya kazi hii na kwamba tarehe haitabadilika. Simulizi yako tumeipokea na tumeiweka pamoja na simulizi nyingine za wananchi. Hata hivyo, hatuwezi kumtafutia ndugu mtu ambaye hakuna uthibitisho kuwa aliwahi kupanda ndege hiyo.

Aidha, kipande cha bati ulicho nacho ni sehemu ya historia ya wote, si mali ya kaya moja. Naomba kikabidhiwe siku hiyo. Mgambo watakuwepo kwa ajili ya usalama tu.

Binafsi, mama, nakushukuru kwa uji. Nakuomba usitufikishe mahali pabaya.

Wako,
Dionis


Kibondo
15 Septemba 2024

Shikamoo mama,

Tangu Jumanne ile nimeanza kukuandikia nikaacha, nimeanza nikaacha.

Nilijua utakuja. Nilidhani utapiga kelele, ningejua la kufanya na kelele. Sikutegemea kukuta wanawake wa kwaya nzima wamekaa kuzunguka makaburi, miguu mmenyoosha, vichwa mmevifunga kanga, mnalia. Mnalia kweli, machozi. Mama, mtu huyo amekufa kabla hamjazaliwa. Nilimwona mama mmoja wa sauti ya pili akipenga kamasi.

Na wale mgambo. Bwana Dionis aliwaambia waende wakawaondoe. Walifika hatua chache, wakatazamana, wakavua kofia, wakaenda kukaa upande wa wanaume. Mmoja akauliza kama kuna mchango wa sanda. Bwana Dionis ametoka mbali, hakuelewa. Aliniuliza, "Hawa nao wamefiwa?" Nikamjibu, ndiyo, sasa wamefiwa.

Ila uliponijaribu ni pale ulipojifanya hujui Kiswahili. Ulimjibu kwa Kiha huku unanitazama mimi, ili mdomo wangu ndio useme. Nikasema. "Mama anasema wachimbaji hawaingii katikati ya matanga. Anasema msiba huu una wenyewe, na wenyewe hawajaja. Anasema ukitaka kuchimba, anza na yeye." Ulichosema kuhusu tumbo lake sikukitafsiri. Wachimbaji wakarudisha sururu zao garini, tukaondoka.

Nimepewa likizo kidogo. Usiwe na wasiwasi, ni kawaida baada ya kazi ngumu.

Nikaitumia kwenda Nyarugusu. Nilitaja vile ulivyoniambia, sikuongeza. Wa kwanza kuja alisema Wilondja alikuwa jitu lenye ndevu mpaka kifuani. Wa pili akasema ndiye aliyekuwa mwenye ndege. Niliwapa chai. Wa tatu ni msichana wa rika langu, Nadine, anauza maandazi, hakutaka kuongea sana. Alisema ataandika kile babu yake atakachosema, kwa sababu babu hapendi maneno yake yabebwe mdomoni na watu. Barua yake hii hapa ndani. Sijaifungua. Naogopa, mama, sijui naogopa nini.

Careen


Nyarugusu
14 Septemba 2024

Mama Esteri,

Jambo mama. Mimi ni Nadine, mujukuu wa muzee Asukulu. Yeye macho yake imeisha, yeye anasema, mimi naandika.

Muzee anasema: Wilondja alikuwa kaka mukubwa wa baba yangu. Baba yao ni Mmunga. Alitoka Mboko angali kijana, akaenda kutumika na Babeleji, wale wazungu walitawala Kongo, akajifunza kazi ya avio, ile ndege, mupaka akakuwa mekanisye, fundi. Mimi sikumuona, sikukuwa nimezaliwa. Lakini baba yangu alitusimuliaka. Wakati alikuya konje, kupumuzika nyumbani, watoto wote walimufuata nyuma juu ya kuangalia mukono yake ya kushoto. Kidole ya mwisho haikukuwa. Panka ya avio, ile inazungukaka mbele, iliikata. Yeye alikuwa anawaambia ameiacha mu mawingu, siku moja atapanda kuichukua.

Kisha akaenda, hakurudi. Babeleji hawakuleta habari hata moja. Walingoja sana. Ku mwisho wazee wakakata mugomba, wakaivalisha shati yake, wakaizika, juu mutu asikose kaburi. Ile fasi, pale waliizika, nilionyeshwa nikiwa mutoto. Sasa hata ile fasi sijui kama iko.

Mama, sisi tuko mu hii kambi miaka mingi. Kila mutu anatuulizaka dokima, makaratasi. Wewe ndiye wa kwanza kutuuliza jina ya mutu wetu.

Tutaomba kibali ya kutoka. Wakati tunangoja, muzee anakuuliza mambo mbili tu. Alikufa na njaa? Na kuna mutu alimushika mukono?

Nadine, kwa kinywa ya muzee Asukulu


Heru Juu
18 Septemba 2024

Careen mwanangu, mwanangu,

Barua ya kambini niliifungua nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye kidole nikakaa chini, pale pale kwenye maganda ya mihogo.

Ndiyo alama yenyewe. Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto.

Rudi Nyarugusu, usitume mtu, nenda wewe. Kaa karibu na muzee, umjibu kwa sauti, maana hapendi maneno yapotee njiani. Mwambie hakufa na njaa. Bibi alimpa uji wa ulezi, akanywa mpaka siku aliyokataa mwenyewe. Na mwambie kuna mtu alimshika mkono. Alimshika huo huo wa kushoto mpaka ukapoa. Ndiyo sababu bibi alijua vidole ni vinne.

Ukishamwambia hivyo nyamaza. Mwache alie.

Sasa nawe. Hiyo likizo yako nimeijua. Barua zako zote zilikuja kwenye karatasi nyeupe ya ofisi, hii ya mwisho umechana kwenye daftari. Na Nurudini hana kifua cha kuweka siri, alishaniambia amekuona umekaa stendi mchana wa kazi. Umefukuzwa kwa sababu ulitafsiri maneno yangu kama nilivyoyasema. Ungeweza kuyapaka asali, na mimi nisingekulaumu, maana mtu ana tumbo. Hukuyapaka. Tangu Jumanne ile nimekuwa na hofu ya mkate wako, silali vizuri, na hapo hapo natembea nimeinua shingo mpaka Habonimana ananiuliza kama nimepata mchumba.

Njoo nyumbani. Godoro nimelianika. Na upitie kwa fundi, jembe liwe na mpini mpya, laini, wa mkono wa mzee.

Mama yako


Kibondo
1 Oktoba 2024

Kwa Bi. Esteri Niyubahwe,

Nimeipokea nakala ya barua ya mzee Asukulu uliyonitumia. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Nimekubali tusubiri mpaka ndugu zake wafike na mila ifanyike. Pia Careen anakaribishwa kurudi kazini wakati wowote. Nilikuwa na haraka, mama, na haraka yangu nilimbebesha yeye.

Hata hivyo, jina la mtu wa tatu siwezi kuliongeza kwa sasa. Ninaowaripoti wanahitaji uthibitisho zaidi ya simulizi. Katika taarifa na kwenye kibao cha maonyesho tutaweka maneno "na mtu mmoja asiyejulikana". Naamini utaona kuwa ni hatua.

Nasisitiza kuhusu bati. Tafadhali likabidhiwe lilivyo, bila kuoshwa, kukatwa wala kubadilishwa kwa namna yoyote.

Wako,
Dionis


Heru Juu
22 Oktoba 2024

Bwana Dionis,

Nakusalimu, na shukrani zako za uji nilizipokea. Careen yuko hapa, amesema atanisahihishia barua hii, nimemwambia aende akachote maji.

Walikuja. Kibali chao kilikuwa cha siku moja, kwa hiyo hatukupoteza muda kwenye hotuba. Muzee Asukulu tulimshika huku na huku mpaka kwenye makaburi. Akauliza, "Ni lipi?" Nikauweka mkono wake juu ya jiwe. Akaongea naye kwa lugha yao, sikuelewa, halafu akacheka peke yake. Nadine akatuambia amemuuliza kama alikipata kidole.

Kisha tukampa jembe. Akapiga la kwanza, likagonga mzizi. Akapiga tena, udongo ukafunuka, mweusi kama masizi. Miaka yote hiyo ulikuwa unanona bure. Nadine akaweka maharage, ndipo na sisi tukaingia. Habonimana alikuja na jembe lake bila kuitwa, akalima mstari mzima, kisha akasema, "Naona nyoka wamehama." Wanawake wa kwaya wakaimba, na mara hii hakuna aliyelia isipokuwa yule wa kamasi.

Msiba umeondoka. Sasa njoo uwachukue wale wawili. Sikuwahi kuwanyima. Yule ajuza wa Ulaya asingoje kama tulivyongoja sisi. Wa tatu atabaki. Muzee amesema Mboko tayari ana kaburi la mgomba, na huku ana maharage, inatosha mpaka watakaporudi kwao.

Nimeyasoma maneno yako, asiyejulikana. Nikayarudia nikaona nikuulize, asiyejulikana na nani? Bibi alimjua. Mama alimjua. Mimi namjua na baba yake na mlima wake. Muzee anamjua. Mgambo wako watatu sasa wanamjua, wamemchangia sanda. Waliobaki bila kumjua ni hao unaowaripoti. Basi andika hivyo, kwamba wao hawamjui. Usimwandikie yeye kosa lao.

Bati limetoka. Lilikuwa darini chini ya mahindi, sasa liko mlangoni linakungoja. Namba zote zipo, sikuzigusa, utaijua ndege yako. Ulisema lisibadilishwe. Umechelewa, bwana. Lilibadilika siku lilipoanguka, likabadilika tena mihogo ilipoanikwa juu yake vizazi vitatu. Na wiki iliyopita nimelibadilisha mimi. Nilichukua msumari na nyundo ya marehemu mume wangu, nikagonga tundu kwa tundu, herufi kwa herufi. Mimi ni mtu wa kisomo cha watu wazima, W imelala kidogo ubavu, na Mboko imepanda mlima. Careen alitaka kunisaidia nikakataa. Majina ya wale wawili nayo nimeyagonga, Careen alinitajia, kwa sababu walikufa pamoja na mimi si mchoyo.

Muzee haoni. Lakini tulipompa bati alipitisha kidole juu ya matundu, polepole, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Akasoma kwa sauti: Wilondja wa Mmunga, Mboko. Watu wote wakasikia.

Kwa hiyo lichukue. Liweke kwenye kioo, liweke kwenye sanduku, lipeleke mji wowote unaotaka. Utaandika chini yake kibao chako, na watu watasoma kibao, kisha watatazama bati, watakuuliza.

Maharage yameota. Ukija usije na mgambo, njoo na njaa.

Careen anataka kurudi kazini, ananiambia umemwandikia vizuri. Ni mimi niliyemzuia. Uje kwanza, ukae kwenye kigoda chako, uandike nikikuona, nami nitachungulia kama siku ile. Nitamruhusu nikishaona umeandika ngapi.

Esteri Niyubahwe